Hataza ya seli shina: alipwe aliyetengeneza njia

Kwenye friji ya maabara ninakofanyia kazi kuna kichupa cheusi, kifupi kuliko kidole gumba, kinachotunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani yake mna kingamwili, yaani protini ya kinga, inayonasa alama ya juu ya seli iitwayo CD34. Mikrolita chache zinaingia kwenye tyubu yenye damu ya mgonjwa, tyubu inawekwa gizani ili rangi inayong'aa isififie, kisha sampuli inapitishwa mbele ya leza. Kwenye skrini linajitokeza wingu dogo la nukta, pembeni, mbali na lile wingu kubwa la chembe nyeupe za kawaida. Nukta hizo ndizo seli shina za damu, zinazozaa seli nyingine zote za damu. Ni chache mno: hata kwenye uloto, zinakozaliwa, utakuta takriban 1 hadi 4 tu katika kila seli 100. Timu ya upandikizaji husubiri hesabu hiyo ndipo iseme kama seli zilizokusanywa zinatosha.

Kichupa hicho ndicho kilichoniingiza kwenye mambo ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, fani ambayo sikuisomea. Nilitaka tu kujua alama ya CD34 ilipatikanaje. Nikakuta historia yake nusu iko maabara, nusu iko mahakamani.

Mwaka 1984, Curt Civin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alitangaza kingamwili aliyoiita My-10. Alidunga panya seli za saratani ya damu, akachambua kingamwili zilizotokea moja baada ya nyingine, hadi akapata iliyonasa seli changa za damu na kuziacha zilizokomaa. Anayejua kazi hii anajua jasho lake, na silalamiki hata kidogo kwamba alilindwa. Kinachonikera ni upana wa ulinzi wenyewe. Hataza ya kwanza, iliyotolewa Desemba 1987, ilidai seli zenyewe: mchanganyiko wa seli shina za damu ya binadamu zikiwa zimetenganishwa na zilizokomaa. Nyingine, ya mwaka 1990, haikuishia kwenye My-10. Ilichukua kingamwili zinazonasa alama ile ile hata kama Civin hakuzitengeneza wala kuziona.

Upande wa pili wa Marekani, Seattle, watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson walikuwa na kingamwili yao, tofauti kimaumbile na My-10, waliyoipata kwa jitihada zao. Kampuni changa ya CellPro iliitumia kutengeneza mashine ya kuchambua seli shina, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mashine hiyo. Mwaka huohuo mkuu wa kampuni, Rick Murdock, aligundulika ana saratani ya tezi za limfu, akatibiwa kwa kifaa cha kampuni yake mwenyewe. Waliokuwa na leseni ya Johns Hopkins, yaani Becton Dickinson na Baxter, hawakuwa na mashine iliyoidhinishwa Marekani wakati ule. Walikuwa na madai kwenye karatasi.

Kesi ya Hopkins na wenye leseni wake dhidi ya CellPro ilivurugana. Mwaka 1995 baraza la wazee wa mahakama liliipa ushindi CellPro. Jaji wa Delaware akatengua uamuzi huo, na kesi ya pili, mwaka 1997, ikaenda upande wa Hopkins. CellPro ikakimbilia serikalini. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inairuhusu serikali ya Marekani kuingilia kati na kumpa mtu mwingine leseni pale uvumbuzi uliogharimiwa na fedha za umma haufikishwi kwa wananchi. Agosti 1997, Harold Varmus, mkuu wa taasisi za taifa za afya, alikataa ombi hilo. Tangu sheria hiyo ipitishwe, kipengele hicho hakijawahi kutumika hata mara moja. Mwaka 1998 CellPro ilifilisika.

Sisemi CellPro walionewa kwa kila kitu. Walikataa leseni ambayo wengine waliikubali, na mahakama iliona kuwa walikiuka kwa makusudi. Lakini hilo halijibu swali langu. Mtu amefika kwenye seli zile zile kwa kingamwili nyingine, kwa mikono mingine, kwa akili yake. Kwa nini azuiwe na aliyefika kwa njia tofauti?

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Aliyefyeka njia ya kwanza kwenda kisimani apewe haki ya kutoza ushuru kwenye njia yake, kwa miaka 20 ya kawaida, bila kinyongo. Asipewe maji. Atakayefyeka njia nyingine kutoka kijiji kingine asidaiwe.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Madison, Wisconsin. Novemba 1998, James Thomson wa chuo kikuu cha huko alitangaza kuwa ameweza kuotesha seli shina za kiinitete cha binadamu (yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika) na kuzidumisha. Alianza na viinitete 36 vilivyotolewa kwa hiari na wanandoa waliokuwa kwenye matibabu ya uzazi. Mwisho wa yote alibaki na koo tano za seli, yaani vizazi vya seli vinavyoendelea kuzaana maabara, mojawapo ikiwa H9, ambayo hadi leo imo kwenye maabara nyingi duniani. Taasisi inayosimamia hataza za chuo hicho, WARF, ilikuwa imeshawasilisha maombi tangu kazi ya awali ya Thomson kwa nyani, na Machi 2001 ikapata hataza namba 6,200,806 kwa seli za binadamu.

Someni dai la kwanza la hataza hiyo, yaani sentensi inayoweka mipaka ya kinacholindwa. Linadai maandalizi safi ya seli shina za kiinitete cha binadamu ambazo zinaendelea kuzaana nje ya mwili kwa zaidi ya mwaka; ambazo kromosomu zake zinabaki kamili bila kubadilika katika muda huo wote; ambazo hazipotezi uwezo wa kuwa tishu za tabaka zote tatu za mwili; na ambazo hutulia bila kugeuka zikioteshwa juu ya tabaka la seli za kulishia. Basi. Tafuteni humo ndani maji ya lishe gani yalitumika, hatua gani ilitangulia ipi, seli zilitolewaje kwenye kiinitete. Hakuna. Yale yote yameelezwa kwingine kwenye waraka, na hataza ina madai ya njia pia, lakini dai hili linaeleza sifa za seli tu. Yeyote atakayekuwa na seli zenye sifa hizo amegusa mali ya Madison, hata kama amezipata kwa utaratibu ambao Thomson hakuwahi kuuwaza.

Na sifa zenyewe si za kubuni. Kugeuka tishu za tabaka zote tatu ndiyo kazi ya seli hizo tangu binadamu aanze kuzaliwa. Thomson alichofanya, na alikifanya vizuri, ni kuzizuia zisigeuke mapema huku zikiendelea kuishi kwenye sahani.

Mwaka 2006 asasi mbili za kutetea umma, kwa msaada wa mtafiti Jeanne Loring wa California, ziliomba hataza za WARF zichunguzwe upya. Hoja ya Loring ilikuwa ya mtu wa maabara. Seli shina za kiinitete cha panya ziliotesheka tangu 1981, Cambridge na San Francisco. Mwaka 1994 Ariff Bongso wa Singapore alikuwa ameshatoa seli kama hizo kwenye kiinitete cha binadamu, ingawa hakuzidumisha muda mrefu. Kwa mwenye ujuzi, viinitete na fedha, hatua iliyobaki ilikuwa kufuata utaratibu wa panya. Mwanzoni ofisi ya hataza ilikubali, ikayakataa madai yote. Kisha mwaka 2008 ikayarudisha yakiwa yamefinywa: sasa yalihusu seli zinazotokana na kiinitete kabla hakijajishikiza kwenye mji wa mimba. Ule mfinyo una uzito kuliko unavyoonekana, na nitaurudia. Rufaa ziliendelea hadi 2014, mahakama ya rufaa ilipoamua kuwa asasi iliyolalamika haina hadhi ya kuwa mahakamani kwa sababu yenyewe haikudhurika. Wakati Mahakama ya Juu inakataa kulisikiliza shauri hilo, mapema 2015, hataza zilikuwa ndiyo zinafika mwisho wa muda wake.

Kuna jambo kuhusu WARF ambalo wachache wanalikumbuka. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya hataza za Harry Steenbock, aliyegundua kuwa chakula kikimulikwa mwanga wa urujuanimno kinapata vitamini D. Miaka ya 1940 mahakama ya rufaa ilizibatilisha hataza hizo. Majaji walitazama wakulima waliokuwa wakianika majani ya mifugo juani miaka nenda rudi, na jua likifanya kazi ile ile. Swali la kipi ni cha maumbile na kipi ni cha mkono wa mtu liliwakuta Madison zamani sana.

Ulaya walilichukua suala hili kwa mlango mwingine kabisa. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998 kuhusu uvumbuzi wa kibaiolojia yanakataza hataza kwa matumizi ya viinitete vya binadamu kwa ajili ya viwanda au biashara. WARF ilipopeleka ombi lake Munich, wanasheria wake walisema: hatujadai kuharibu kiinitete, tumedai seli. Tarehe 25 Novemba 2008 baraza kuu la rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilijibu kuwa linatazama kazi nzima, na si maneno ya dai peke yake. Siku ombi lilipowasilishwa, seli hizo zisingeweza kupatikana pasipo kuharibu kiinitete. Hataza ikakataliwa.

Kisha likaja shauri la Oliver Brüstle wa Bonn, aliyekuwa na hataza ya Ujerumani, iliyoombwa mwaka 1997, ya seli changa za neva zitokanazo na seli shina za kiinitete. Alilenga magonjwa kama Parkinson. Shirika la mazingira la Greenpeace liliipinga. Oktoba 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, ilitoa tafsiri pana sana: yai lililorutubishwa ni kiinitete, lililowekewa kiini cha seli nyingine ni kiinitete, hata lililochochewa lijigawe bila mbegu ya kiume ni kiinitete. Ilichukua hadi Desemba 2014, katika shauri la kampuni ya International Stem Cell, kwa mahakama hiyo kulegeza kamba: yai lisilorutubishwa ambalo kwa asili yake haliwezi kufikia kuwa mtu halihesabiwi.

Nawaheshimu majaji hao. Mimi ni mtu wa dini, na kiinitete kwangu si malighafi. Lakini nataka tuseme kwa uwazi uamuzi huo ulifanya nini na haukufanya nini. Haukukataza utafiti. Uingereza ilikuwa inaruhusu utafiti wa viinitete kwa leseni, na Ujerumani yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2002, iliruhusu kuagiza koo za seli kutoka nje kwa masharti makali. Hakuna kiinitete kilichonusurika kwa sababu hataza ilikataliwa. Kilichoondoka ni mmiliki. Kwangu matokeo ni mazuri, ila sababu iliyotolewa ilikuwa nzito kuliko kazi iliyoifanya, na iliwagusa hata watu kama Brüstle ambao mchango wao ulikuwa kwenye hatua ya baadaye, ya kuigeuza seli iwe ya neva. Ile hatua ndiyo njia. Ilistahili ulinzi, na ni vyema kwamba mwaka 2012 mahakama ya juu ya Ujerumani ilimwachia hataza iliyopunguzwa, isiyogusa seli zilizopatikana kwa kuharibu viinitete.

Marekani nao, bila kugusa maadili, wamekuwa wakisogea kuelekea huko huko. Mwaka 1980, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilimpa Ananda Chakrabarty hataza ya bakteria aliowabadilisha wale mafuta machafu. Mlango ukafunguka wazi kabisa. Mwaka 2013, katika shauri la kampuni ya Myriad, majaji wote 9 walisema kuwa kuchomoa kinasaba cha asili mwilini hakukifanyi kiwe uvumbuzi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Dolly, kondoo aliyezalishwa kwa kloni, yaani kwa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine. Taasisi ya Roslin ya Scotland ilitaka hataza ya wanyama waliozalishwa kwa kloni. Mahakama ya rufaa ikakataa, kwani Dolly alikuwa nakala kamili ya kondoo aliyekuwepo. Hataza ya njia, yaani namna Ian Wilmut na Keith Campbell walivyomfikia Dolly, haikuguswa. Nikisoma hukumu hiyo naona mstari umepigwa mahali pake hasa.

Turudi kwenye ule mfinyo wa 2008. Novemba 2007, Shinya Yamanaka wa Kyoto alitangaza kuwa amechukua seli za ngozi ya mtu mzima, akaziingizia vinasaba vinne, zikarudi utotoni na kupata uwezo karibu sawa na wa seli za kiinitete. Hakuna kiinitete kilichoguswa. Siku hiyohiyo kundi la Thomson nalo lilitangaza matokeo ya namna hiyo kwa mchanganyiko wa vinasaba uliotofautiana kidogo. Yasome tena madai ya Madison: kuzaana mwaka mzima, kromosomu kamili, tabaka tatu. Seli za Yamanaka zinatimiza yote hayo. Kilichoziweka nje ni asili yake ya ngozini, na ndiyo maana kutajwa kwa kiinitete ndani ya madai kulikuwa na maana kubwa. Dai la namna hii likiandikwa kwa sifa tupu, kazi iliyompa mtu Nobeli mwaka 2012 inageuka ukiukaji.

Kyoto walifanya jambo ninalolipenda. Walichukua hataza mapema, ya Japani Septemba 2008, na ya Marekani 2011, wakitaka kuzuia makampuni yasiifunge njia hiyo. Watafiti wa vyuo na taasisi zisizo za biashara wanaitumia bila kulipa; makampuni yanakata leseni. Mwaka 2011 kampuni ya iPierian ya California iliwakabidhi takriban hataza na maombi 30 iliyokuwa nayo, badala ya kupigana. Hataza imetumika kama uzio wa kulinda njia ya watu wote. Inawezekana.

Haya yote ni ya mbali? Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu. Aliposikia redioni habari za tiba mpya ya vinasaba aliniuliza, "Kaka, hiyo ikifika huku itakuwa shilingi ngapi?" Nilimwambia bei yake ya Marekani, dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo wanasheria wanalizunguka kwa kurasa nyingi: "Kwani si ni damu yake mwenyewe mtoto?"

Ni damu yake mwenyewe. Casgevy, ndilo jina la tiba hiyo, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inaanza kwa kukusanya seli za mgonjwa zenye CD34, zile zile za kichupa changu. Zinapelekwa kiwandani, zinahaririwa kwa CRISPR, mkasi wa kukata vinasaba, ili zirudie kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kisha mgonjwa anapewa dawa kali ya kusafisha uloto na kurudishiwa seli zake. Hata waliotengeneza tiba hiyo walipita kwenye lango la mwingine: Desemba 2023 kampuni ya Vertex, yenye tiba hiyo, ilikubali kuilipa kampuni ya Editas dola milioni 50 za kuanzia, kwa sababu Editas ndiyo iliyoshika leseni ya hataza za Taasisi ya Broad kuhusu CRISPR. Editas haikuwa imetengeneza tiba hiyo.

Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto uloto, hatua ninayojivunia kama mtu wa fani. Ila upandikizaji huo unahitaji ndugu ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa, na nafasi ya ndugu mmoja wa baba na mama kulingana naye ni moja kati ya nne. Ndiyo maana seli za mtoto mwenyewe zina mvuto wake.

Kwa sasa kinachotuzuia si hataza. Hataza ina nguvu pale tu iliposajiliwa, ya Wisconsin haimfungi mtu Dodoma, na nchi maskini zaidi kama Tanzania zimepewa na Shirika la Biashara Duniani hadi Julai 2034 kabla ya kulazimika kufuata kanuni zake za milki bunifu, hataza zikiwemo, kikamilifu. Tunazuiwa na vyumba safi, vitendanishi, umeme wa uhakika na wataalamu. Lakini vitu hivyo vitakuja, na hapo ndipo madai yatakapotufuata. Sheria ya Tanzania na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinasema njia za kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji au tiba hazipewi hataza. Wengi wanadhani hilo linatosha. Mfuko wa seli zilizohaririwa si njia ya kutibu. Mwanasheria mzuri atauandika kama bidhaa, kwa sifa zake, kama Madison walivyoandika. Tutakuwa tumemnyima ulinzi mwenye njia, tukampa mwenye kudai kisima.

Ndiyo maana nataka wakaguzi wetu, wa Dar es Salaam, Nairobi na wa ARIPO, shirika la hataza la kikanda la Afrika, kule Harare, wayafinye madai ya seli mwanzoni: seli zilizopatikana kwa utaratibu ulioelezwa, na si nyingine. Na nataka dirisha la pingamizi. Desemba 1999 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Munich, ilitoa kwa Chuo Kikuu cha Edinburgh hataza ya seli shina iliyoandikwa kwa upana kiasi cha kugusa hata za binadamu. Kule mtu yeyote ana miezi tisa ya kupinga, bila kuthibitisha kuwa amedhurika. Walipinga Greenpeace, na zikapinga serikali za Ujerumani, Italia na Uholanzi. Julai 2002 hataza ikapunguzwa, zile za kiinitete cha binadamu zikaondolewa. Dada yangu, kwa sheria ya namna hiyo, angeweza kupeleka pingamizi lake mwenyewe. Kwa ile iliyoamua shauri la Madison, angeulizwa kwanza amedhurikaje.